Kibao cha Kiswahili na Maneno ya Hawaii

Jumanne, Septemba. Al Warqa, Dubai. Joto la mvuke tangu alfajiri. Vioo vimelowa kwa nje.

Nilikuwa napiga pasi, mtoto wa madam akaja na daftari. "Yaya, nisikilize nikisoma." Kazi ya shule: maneno ambayo Kiingereza kimeyachukua kutoka Hawaii. Aloha, salamu yao. Hula, ngoma yao. Ukulele, gitaa dogo.

"Waliyachukua tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Yaya. Waliyapenda."

Msomaji wangu, nikaisimamisha pasi. Sina shule nyingi, niliishia kidato cha pili, labda nakosea. Lakini mwalimu wetu wa Kiingereza alituapia kwamba Kiingereza safi hakichanganywi na kitu. Aliyesema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, kwa kamba ya katani, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Kengele ya mwisho ikikukuta nacho, fimbo. Mara ya tatu, unarudishwa nyumbani ukalete mzazi. Mimi nilikuwa na bibi tu, na miguu yake ilikuwa imevimba. Nisimwonee mwalimu: naye alikaguliwa, na chaki alinunua mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nacho shingoni, na ingekuwa mara yangu ya tatu. Tulifagia darasa, vumbi puani, harufu ya uji ulioungua ikitoka jikoni, na hakuna aliyethubutu hata kusema "pisha". Mlinzi wa zamu alikwisha shika nyundo ya kengele. Mbele yangu aliinama mwenzangu wa dawati, aliyenigawia muhogo wake mchana. Nikamfinya kwa nguvu zangu zote.

"Yalaa! Mama nakufa!"

Nikamvisha kibao. Kengele ikalia.

Angeweza kusema nimemfinya. Hakunitaja. Aliniambia tu, chini chini, "Wewe kumbe uko hivyo." Sikujua kwamba na kwake ilikuwa mara ya tatu. Alirudishwa nyumbani na hakuonekana tena. Wengine walisema alihamia kwa shangazi yake; huenda ni kweli. Siwezi kujitwika lote, wala kujivua.

Nasikia vibao vile havipo tena, na darasa lile limebomolewa. Leo ningekuwa na la kumjibu mwalimu. Ila si mwalimu aliyefinya.

Mtoto aliuliza mbona nimeacha kupiga pasi. Nikasema pasi imeniunguza. Haikuniunguza.

Jioni tulikula wali na samaki niliowakaanga mimi. Madam alisema chumvi imezidi, na alisema kweli.