Nilipomjibu Akiru Kwamba Ni Nzuri

Usinicheke. Hii sikuhadithiwa, ilinipata mwenyewe, mchana, hapa Kakuma, na pombe sikuwa nimeonja.

Kuna kibanda cha mabati wanaonyesha video. Wiki ile ilikuwa katuni ya Wajapani, Mkongomani mmoja anatafsiri kwa maiki. Shule sikuenda, lakini katuni naielewa. Msichana anaweza kurudi siku zilizopita kuzuia kifo, ila lazima mwenye msiba aseme kwa mdomo wake, "Nimeumia." Sasa mama mmoja kila akiulizwa anajibu yuko salama. Akaulizwa mara tatu, na mtoto wake akabaki amekufa.

Watu walichukia. "Huyo mama ni fala," vijana wakasema. Mama wa Sudan Kusini akalia, akasema hata yeye angejibu hivyo. Mimi ndiye niliyetukana kuliko wote. Unajua kwa nini? Binti yangu Akiru alichukuliwa na mafuriko kule Lodwar, akienda kwa shangazi yake anayekaa Nawoitorong. Mimi ndiye niliyemwambia avuke mto, maji ni kidogo. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Basi nikaenda kuitazama katuni siku nne mfululizo.

"Mzee, tena wewe?" Mkongomani akanitania. "Umemposa huyo Mjapani?"

Siku ya nne mtu akaketi kando yangu. Nikaona miguu tu, ina tope bichi hadi magotini. Tope gani, na mvua tumeisahau? Lakini macho yakarudi kwenye picha.

"Apa, ejok?" akasema polepole. Baba, ni nzuri? Ndiyo salamu yetu, na sisi Waturkana hata mbuzi wote wakifa tunajibu ejok kwanza, mengine baadaye.

"Ejok noi," nikajibu. Nzuri sana.

"Haya, Apa. Kama ni nzuri, basi." Akainuka.

Hapo ndipo sauti ikanifikia. Ilikuwa ya Akiru. Nikageuka: benchi tupu, maji yanadondoka ubaoni. Nikapaza sauti kwamba si nzuri, kwamba mimi ndiye niliyemwambia avuke.

"Kaa chini mzee, unatuziba."

Katuni iliisha, siku hizi wanaonyesha mpira. Bado naenda, naacha nafasi kando yangu. Haji. Watu nao wamechoka kunisalimia, maana anayesema ejok namwambia hapana, namsimulia yote.

Wewe mwenye kidonda, mtu akikusalimia, mtazame usoni kabla hujajibu. Mimi nilijibu kwanza.