Siku Milima Ilipotusogelea

Kuna harufu moja ambayo hata leo ikinipata njiani, najikuta nimeinua macho juu kuangalia mawingu. Ni harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zilizonyeshewa. Ndagala kavu inanukia chumvi na jua, na ndagala mbichi inanuka ziwa tu, haina kosa. Lakini ndagala iliyokuwa karibu kukauka, halafu mvua ikaipata, hiyo inanuka kitu chema kilichoharibika kwa sababu ya muntu. Na siku ninayotaka kuwasimulia, muntu huyo nilikuwa minye.

Siku hizi napiga picha za milima na za ziwa. Mukipita pwani ya Uvira mukaona binti amesimama kwenye matope, aparei yake ya picha ameifunika kwa mfuko wa nailoni, anangoja wingu lifanye kile alichokiota usiku, basi mumeniona. Mawingu ya kwetu hayana adabu. Unatoka nyumbani na jua, unafika ziwani unalowa, unarudi kubadilisha nguo, jua linatoka tena linakucheka. Nimezoea. Kuchekwa nilianza mapema.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikaa Songo, hapo hapo Uvira, na kila asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri Mama alishuka ziwani kungoja pirogi za wavuvi. Akishapata ndagala zake anazimwaga juu ya mchanga, anazitandaza kwa viganja, taratibu, kama muntu anayetandika kitanda cha mgeni. Pale mchangani kila mama alikuwa na mahali pake, na aliyegawa mahali alikuwa Mama Esta, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele. Mahali pa Mama palikuwa pazuri sana, katikati, ambapo jua linafika la kwanza na kuondoka la mwisho. Alipata pale baada ya miaka mingi ya kuanika pembeni, karibu na mfereji, ambapo mchanga haukauki. Alikuwa akisema, "Jua la masika ni mgeni. Ukichelewa kumpa kiti, ameondoka." Mahali pale ndipo palipotulisha, pakatuvika, pakanipeleka shule.

Saa za mchana akina mama walienda kupumzika chini ya vibanda, maana wote walikuwa wameamka na giza. Hapo ndipo zamu ya milima ilipoanza. Ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Burundi. Siku za jua la kweli inakaa mbali, hafifu, kama moshi wa jiko la jirani. Lakini mvua ikikaribia, milima inasogea. Unaanza kuona makorongo yake, halafu mashamba, halafu hata mabati yanametameta, unaweza kudhani ukiita kwa nguvu muntu wa kule atageuka. Kwa hiyo kila siku mtoto mmoja aliwekwa kuiangalia. Ikisogea, kazi yake ni kupiga kelele, "Milima imekuja!" Akina mama wote watatoka mbio na magunia, na ndani ya dakika chache mchanga utakuwa mtupu. Hatukuwa na redio ya kututabiria mvua. Tulikuwa na milima na koo la mtoto.

Sasa, mwaka ule Tonto Fideli, kaka yake Mama, alinipa aparei yake ya zamani. Alikuwa akipiga watu picha kwenye harusi na komunyo ya kwanza, mpaka kila muntu akawa na simu na wateja wakamkimbia. Kioo cha nyuma kilikuwa kimekufa, hakionyeshi kitu, na mlango wa betri aliufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Picha zilikuwa zinaingia humo kama barua ndani ya sanduku lisilo na ufunguo, huzioni mpaka upate mahali pa kuzitoa. Minye sikujali. Nilipiga mawingu, nilipiga mawimbi, nilipiga upinde wa mvua mpaka nikaonywa kwamba nitaoza kidole. Tonto mwenyewe alipoona napoteza betri kwa mawingu alisikitika. Akaniuliza, "Noela, picha bila muntu ni ya nani?" Neno hilo likawapendeza akina mama wa pwani. Kila nikipita walikuwa wananiuliza hivyo hivyo, wanapigana makofi ya mikono, wanacheka. Mama tu ndiye hakucheka. Alikuwa anasema nisimame vizuri nisije nikaanguka majini.

Siku ile zamu ilikuwa yangu. Jua lilikuwa kali hata mchanga uliunguza nyayo. Mama Esta alikuwa ametandaza nyingi kuliko siku zote, kwa sababu jioni alitakiwa kupanda kwenda Mutarule, kule uwandani, ambako binti yake alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa wameshaambiwa kwamba samaki wa ziwa wanakuja na mama wa bibi harusi. Kabla hajaenda kulala alinishika bega. "Macho kwa milima. Leo si siku ya michezo yako." Nikaitika. Mama akachukua beseni lake kubwa la kijani akashuka kwenye maji kuosha vyombo, wengine wakaenda kivulini. Nikabaki na milima.

Nayo ikaja. Wapenzi wasomaji, nimeshapiga milima ile mara nyingi tangu siku hiyo, na sijaiona tena vile. Nyuma yetu, juu ya mji, wingu lilikuwa linapanda jeusi kama sufuria, lakini lilikuwa na tundu moja, na katika tundu hilo mwanga wa jua ulipita ukaenda kuangukia ng'ambo. Milima ikawaka. Ikavuka ziwa ikaja kusimama mbele yangu, ya kijani, yenye mikunjo kama kitenge kipya, na maji katikati yalitulia yakawa ya bati. Nilijua kazi yangu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema moyoni, nipige moja kwanza. Nikapiga moja. Mwanga ukabadilika ukawa mzuri zaidi. Nikapiga ya pili. Kisha nikapiga ya tatu.

Mvua ilitupiga kutoka mgongoni. Haikuanza na matone, ilianza kama muntu aliyemwaga ndoo kwa hasira. Nilipofungua mdomo kuita, tayari akina mama walikuwa wanakimbia wenyewe, na ndagala zilikuwa zinaelea kwenye vijito vidogo zikirudi ziwani kana kwamba zimekumbuka kwao. Mama naye alikuja mbio kutoka majini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunipiga kofi la shavu mbele ya wote, kwa mkono wenye magamba ya samaki. Hakuwa amewahi kunipiga usoni. Aparei ilianguka ndani ya maji, ikafa hapo hapo.

Mvua ilipokatika tulikuwa tumesimama katika ile harufu.  Mama Esta aliokota ndagala moja iliyolegea, akaniletea mpaka chini ya pua. "Nusa. Hii ndiyo nitawapelekea wakwe zangu?" Kisha akamgeukia Mama. "Mama Noela, weye unajua sheria."

Sheria ya pale ilikuwa kwamba jua halilipwi kwa feza, linalipwa kwa jua. Aliyeharibu siku ya wenzake anatoa mahali pake. Mama hakujitetea. Aliinama, akakusanya magunia yake, akahamia kwenye mfereji siku hiyo hiyo. Mahali pake akapewa Mama Esta, ambaye alienda Mutarule mikono mitupu.

Tulikaa kwenye mfereji mpaka kiangazi, na kiangazi kilipokuja hatukurudishwa. Ndagala zetu zilikauka kwa siku mbili badala ya moja, nyingine ziligeuka chakula cha bata. Kwenye bomba bido yetu ya maji ilisukumwa nyuma kila tulipofika. Niliitwa Mtoto wa Mvua. Wenzangu walikatazwa kucheza na minye, eti aparei yangu ndiyo iliyovuta radi, na kusema kweli na minye nilianza kuamini. Kila usiku nilirudia ile saa kichwani, na kila mara nilikuwa naita mapema. Mama hakunitajia kosa hata siku moja. Kitu pekee alicholalamikia ni beseni lake la kijani. Alisema mawimbi ya mvua ile yalilichukua.

Miaka ikapita. Mwaka juzi, nikipanga vitu vya marehemu Tonto Fideli, nilikuta ile aparei iliyokufa, kumbe aliihifadhi, ndani ya soksi. Nikatoa kadi yake ndogo, nikaipeleka kwa kijana mmoja wa fotokopi, nikijua haina kitu. Akaiingiza kwenye mashine yake, akaniambia iko na picha.

Zilikuwepo zote tatu. Milima ilikuwa vile vile nilivyoikumbuka, na hilo peke yake lilinitoa machozi. Kisha nikaona pembeni, chini, kulia, kidoa. Nikamwomba kijana akikuze. Katika picha ya kwanza Mama ameinama anasugua beseni. Katika ya pili amesimama wima, ametupa mgongo kwangu, anaangalia ng'ambo. Katika ya tatu amesimama pale pale, mikono imelegea, na beseni la kijani liko mbali kwenye maji, linaondoka. Ziwa limetulia kabisa. Hakuna wimbi hata moja.

Jioni nilimwonyesha Mama kwenye simu. Aliishika muda mrefu, mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena kwa kidole changu. 

"Ile milima ilikuwa mizuri," akasema.

Halafu akanirudishia simu, akarudi kwenye jiko lake. Bila kugeuka akaongeza, "Mama Esta usimwonyeshe."

Sijamwonyesha, wala sijaionyesha kwa muntu mwingine, ingawa ni picha yangu bora kuliko zote. Mama Esta mpaka leo ananisalimia kwa kidevu, na ana haki yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani Mama alihamia mfereji kwa ajili ya kosa langu, na nilidhani lile kofi lilikuwa langu peke yangu. Sasa najua alikuwa na watu wawili wa kulipia, minye na yeye mwenyewe, na mkono mmoja tu wa kupiga. Nikiwa nimesimama kwenye matope yangu, milima inasogea, watu wanapita nyuma wananiuliza picha bila muntu ni ya nani, nawaacha waulize. Minye natazama kwanza pembeni, chini, kulia.