Vidonge vya Marehemu

Mitaani walimwita Makali, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kazi yake ilikuwa kunoa visu. Alipofika kwa mteja aliiegemeza baiskeli kwenye stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likaning'inia, na mkanda ukatoka hapo mpaka kwenye jiwe la duara mbele ya usukani. Akikanyaga pedali, jiwe linazunguka. Mikono ilikuwa ya kupeleka kisu tu. Miguu ndiyo injini. Ukimuuliza habari za afya, hakukueleza mwili mzima. Alisema, "Miguu ipo."

Mambo ya dawa alimwachia mkewe. Wote wawili walikutwa na mafuta mengi kwenye damu, yeye mwaka mmoja, mke mwaka uliofuata, kila mmoja kwenye zahanati yake. Makali alipewa vidonge vyeupe, virefu, kwenye boksi la buluu. Mkewe alipewa vya mviringo, vya waridi. Makali hakusoma, alijua boksi kwa rangi. Kila jioni baada ya kula, mke aliweka kimoja kulia kwa sahani na kimoja kushoto.

"Usije ukachanganya, mume wangu. Hivi vya waridi ni vya kike. Ukimeza utaota maziwa."

"Basi nitakusaidia kunyonyesha wajukuu."

Kichomi kilimchukua mke kwa siku tisa. Siku ya saba alimshika mumewe mkono akamwambia, "Dawa zangu nimechukua za miezi mitatu juzi tu. Usiache ziharibike." Hakusema la mapenzi wala la watoto. Hilo ndilo lililokuwa la mwisho kueleweka.

Makali akalichukua kama wasia. Alifikiria kumpa jirani mmoja mwenye ugonjwa wa moyo, lakini akakumbuka alichoambiwa kwenye duka la dawa, kwamba dawa ya mtu si ya mwingine. Akakaa na neno hilo siku mbili. Mwishoni akaona kwamba mume na mke si wengine. Akaanza kumeza. Kimoja cheupe, kimoja cha waridi, kila jioni, mezani palepale. Hakumwambia mtu. Kwa kitambo kile cha kumeza, nyumba ilikuwa bado na watu wawili.

Wiki ya tano mapaja yakaanza kuuma, kama mtu aliyepigwa rungu akiwa amelala. Sababu aliletewa kabla hajaziuliza. "Msiba huo," jirani alisema. "Machozi yasipotoka huingia kwenye nyama." Mwingine akasema uzee. Makali akaona yote ni sawa. Mtu ameishi na mke miaka arobaini na moja, aondokewe, halafu asiumwe?

Kilichomtia hofu ni kisu. Muuza nyama wa sokoni, mteja wake tangu ujana wao, alikirudisha siku ileile alipokichukua. Alikilaza juu ya gogo, mbele ya watu.

"Makali, kisu hiki umekinoa au umekibembeleza?"

"Kina nini?"

"Hakikati hata samli. Leo nimemaliza mbuzi kwa kumvuta." Watu wakacheka. Muuza nyama hakucheka. Aliinama karibu. "Nilikuwa nakutazama, ndugu yangu. Unakanyaga mara tatu unapumzika. Jiwe linazunguka kama linakwenda mazikoni. Una nini?"

"Kiatu kinabana."

"Miguu yote miwili?"

Makali akakinoa upya bila malipo. Akasukuma baiskeli kurudi nyumbani, hakuipanda. Jioni ile alikaa kitini, na alipotaka kuinuka, mapaja yakakataa. Akajaribu tena. Ikabidi aishike meza na kujivuta kama mtu anayetoka kisimani. Alipokwenda kukojoa, mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Alisimama akiutazama. Kisha akarudi mezani, akameza vidonge vyake viwili.

Binti yake, mshona sare za shule, alimkuta kesho yake akipanda ngazi tatu za mlangoni kwa mikono na magoti.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu leo."

"Usinidanganye. Funga hiyo baiskeli, uje kwangu. Chumba kipo."

"Cha kufanya nini?"

"Cha kukaa."

"Kukaa si kazi, mwanangu."

"Na kutambaa ni kazi?"

Makali alijua kwamba akishaingia chumba kile, atatoka amebebwa. Akakubali hospitali tu, ili apewe dawa ya miguu arudi kunoa.

Nesi aliandika kila kitu. Alilitazama boksi la buluu lililoletwa na binti. "Hii unameza kimoja kila jioni? Kuna nyingine yoyote, baba? Ya dukani, ya mizizi, ya kupewa na mtu?"

"Hakuna," alisema Makali.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Makali hakuficha maradhi. Alificha dawa. Na ile ya waridi ilikuwa mfukoni mwa shati lake wakati huohuo, maana hakuweza kuiacha peke yake kwenye nyumba tupu.

Walimtoa damu. Daktari, mama wa makamo, alirudi na karatasi akavuta kiti.

"Mzee wangu, nyama ya misuli yako inavunjika. Takataka zake zinapita kwenye figo, ndiyo maana mkojo umekuwa mweusi. Dawa ya mafuta inaweza kufanya hivi, mara chache. Lakini kwa kipimo hiki ulichopewa wewe, sielewi. Figo zikiziba, hatutazungumzia miguu tena. Kuna kitu sijaambiwa."

Binti akamtazama baba. Makali alitazama sakafu. Alifikiri kwamba akisema, watamnyang'anya vidonge vya mkewe. Alifikiri kwamba asiposema, baiskeli itauzwa kama chuma chakavu.

"Daktari," alisema. "Mtu akifa, dawa zake zinakwenda wapi?"

Akatoa mfukoni karatasi ya vidonge vya waridi, akaiweka kitandani.

Daktari aliigeuza, akasoma nyuma yake, akaiweka kando ya boksi la buluu. "Ni dawa moja hii. Watengenezaji wawili, rangi mbili. Ya mama ilikuwa na nguvu mara mbili ya yako. Umekuwa ukimeza dozi tatu kwa siku."

"Kwa hiyo vya kike havipo," Makali alisema.

Daktari hakuelewa. Binti alielewa, akageukia ukuta.

Walisimamisha vidonge vyote, wakamlaza, wakamwekea dripu siku sita kusafisha figo. Siku ya pili, nesi alipotoka, binti alimuuliza kwa sauti ndogo, "Baba, ulikuwa unataka kumfuata mama?"

"Nilitaka zisiharibike."

"Sikuuliza hivyo."

Makali akafumba macho kama mwenye usingizi. Swali likabaki pale.

Figo zilipona. Miguu ilirudi polepole, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Vidonge vya waridi vilivyobaki vilikabidhiwa kwenye duka la dawa la hospitali vikaharibiwe, na Makali hakutaka kuwapo. Baada ya wiki nane daktari akapima tena. Mafuta yalikuwa yamepanda.

"Huwezi kuishi bila dawa, baba. Mishipa yako ni myembamba. Tutaanza na aina nyingine, kipimo kidogo. Nyama zikiuma, mkojo ukibadilika, acha, uje siku hiyohiyo. Ukiona uko salama, usiache kwa hiari yako. Na kila atakayekupa dawa, mwambie unameza nini. Kila kitu."

Jioni ile binti alikuja kumtazama akimeza cha kwanza. Makali alikiweka mezani, kidogo, cha manjano. Alikitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Unaogopa?" binti aliuliza.

"Naogopa."

"Mimi pia."

Akakimeza kwa maji. Akaminya paja la kulia kwa dole gumba, kisha la kushoto, ingawa alijua ni mapema mno kuona lolote.

"Lile uliloniuliza hospitali," alisema.

"Achana nalo, baba."

"Sijui, mwanangu. Nimelitafuta jibu, sijalipata. Nikilipata nitakwambia."

Binti akavuta kiti chake karibu. Alikuwa amewaaga watoto wake kwamba atarudi mapema, lakini alikaa.