Mabomu Manne ya Plastiki

Nikisikia harufu ya petroli na mawese mahali pamoja, hata leo, narudi uani kwetu Ujiji, baba alipokuwa akiunda boti za wavuvi. Mawese yalikuwa ya kalafati: baba alilowesha pamba humo, akaishindilia kwenye nyufa za mbao ili maji yasipenye. Petroli ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la tano, na mama, aliyeuza mitumba, alikuta ndani ya robota boksi la ndege ya kivita ya kuunganisha, ya plastiki ya kijivu, vipande vyake havijaguswa. Gundi yake ilikuwa imeshakauka. Nikayeyusha ndani ya petroli ile plastiki nyeupe nyepesi inayowekwa kwenye maboksi ya televisheni, nikapata gundi nzito inayonata kama ulimbo. Nilijiona fundi kumshinda baba.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa Furaha, msichana wa rika langu aliyevuka ziwa kutoka Kongo na shangazi yake, wakapewa chumba chetu cha uani. Hakuwa na maneno mengi, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi. Tuliunganisha kwa siku nyingi, kila tulipotoka shule: kiti cha rubani, mkia, mabawa. Yalipobaki mabomu manne, madogo kama kokwa za tende, nilianza kuigeuzageuza karatasi ya maelekezo. Furaha akayachukua, akayapachika chini ya mabawa bila kuitazama karatasi, mawili huku, mawili huku. Nikamuuliza amejuaje. "Nililala mugongo chini," akasema. "Nikaona." Nilimsikia vizuri, ila sikutaka kumwelewa, nilikuwa na haraka ya kuirusha.

Nikaishika juu, nikazunguka ua nikinguruma kwa mdomo, kisha nikamshukia Furaha. Alimrukia mdogo wangu, mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa akichezea maranda ya mbao, akamlalia kifudifudi, akamfunika mwili mzima. Mtoto akalia, naye hakumwachia mpaka baba alipopiga magoti na kumsemesha taratibu. Shangazi yake ndiye aliyetuambia kwamba Furaha naye alikuwa na mdogo wake, kule ng'ambo. Baba hakunichapa. Aliyang'oa mabomu, akayatupa kwenye maranda, kisha akaziba matundu manne kwa pamba na mawese, kwa uangalifu uleule wa kwenye boti. "Sasa hii ni ya kubeba watu, mwanangu," akamwambia Furaha. Mimi nilikasirika mno. Ndege yangu ilikuwa imeharibiwa, inachuruzika mafuta mekundu chini ya mabawa.

Kesho yake nilimkuta Furaha anachambua maranda kwa mikono. "Ile mabomu iko wapi?" akaniuliza. "Tuitupe mu ziwa." Nikasema sijui. Yalikuwa kwenye kopo langu la penseli. Niliyaokota baba alipogeuka. Aliniuliza kila siku, na kila siku nilisema sijui, kwa sababu ya hasira tu. Akawa haketi tena pale uani, na akawa anambeba mdogo wangu mgongoni kutwa nzima, hata mtoto alipolala usingizi. Kabla mvua hazijaanza, yeye na shangazi yake walipelekwa kambi ya wakimbizi. Alipanda gari akiniangalia mikono.

Siku hizi naishi Gungu, karibu na uwanja wa ndege. Ndege za abiria hupita juu yetu zikienda kutua, na wanangu hutoka mbio kuzipungia. Nami hutoka, nikawasogeza ukutani, nikatazama chini ya mabawa mpaka ndege ipite. Wao hunicheka, na ninafurahi kwamba wanaweza kucheka. Ile ya plastiki imening'inia chumbani mwao, pamba yake imekuwa nyeusi. Mabomu ninayo kwenye kopo lilelile. Mara mbili nimeyafikisha ziwani nikarudi nayo, maana wa kuyatupa si mimi. Nimeulizia kwa watu waliokaa kambini, hakuna anayemkumbuka. Furaha sasa ni mtu mzima kama mimi, huenda ana watoto, na popote alipo bado hajui yako wapi.