Stesheni Niliyoijenga Juu ya Mlango

Mlango wenyewe ulikuwa wa choo cha zamani cha shangazi wa mke wangu. Nilipomwomba, alitaka kujua nauhitaji wa nini. Nikamwambia nataka kujenga stesheni ya reli. Akanipa upesi upesi, jinsi mgonjwa anavyopewa anachokitaka, na siku hiyo hiyo mlango ukaingia chumbani mwetu.

Tulikuwa Mbale, nyuma ya maghala ya upande wa viwanda, na nilikuwa na mwezi wa pili sijatoka nje. Kabla ya vita nilifanya kazi ya reli Jinja, kwenye yadi ya gatini, pale ambapo reli nyembamba hushuka kutoka stesheni kubwa na kuishia ziwani. Njia tatu, ghala moja, kreni moja yenye kutu, basi. Nilibadili njia, nilifunga na kufungua mabehewa, nilimwashiria dereva kwa bendera. Tulikaa mtaa wa Walukuba. Babu yangu aliletwa nchi hii na jeshi la Wazungu kutoka Sudani, kwa hiyo sisi ni Wanubi, na kazini na kwa majirani tulisema Kiswahili, lugha ambayo wengi wa nchi hii waliijua kuwa ya wanajeshi. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, sura yangu na Kiswahili changu vilitosha kunifanya askari wake. Sijawahi kushika bunduki maishani mwangu. Nilichoshika ni bendera ya kijani na bendera nyekundu.

Tulikimbia asubuhi moja na nguo za mwilini tu. Karatasi zangu za kazi zilibaki sandukuni, na sanduku likaenda na watu waliobeba kila kitu mle ndani hadi fremu za madirisha. Wanajeshi wa Tanzania walipofika Mbale nao walisema Kiswahili, tena kizuri kutuzidi, lakini hilo halikunisaidia hata kidogo. Changu kilinuka kambi. Mtu akinisikia maneno matatu alikuwa ameshanijua, au alidhani amenijua. Mke wangu ni Mgisu, Mwislamu wa pale pale Mbale. Yeye ndiye aliyetoka, aliyenunua chumvi, aliyejibu hodi kwa lugha ya kwao. Mimi nilinyamaza ndani, na kunyamaza si kipaji changu.

Ndiyo maana nikajenga. Reli zilikuwa spoki za baiskeli nilizozinyoosha kwa jiwe. Mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, yalikuwa vipande vya mianzi. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki, magurudumu yake vizibo vya soda, na injini niliichonga kwa kisu kutoka mguu wa kiti kilichovunjika. Ilikwenda kwa kusukumwa na mkono wangu. Ziwa lilikuwa sinia la bati la shangazi, limejaa maji. Shangazi alililia sinia lake wiki nzima.

Njia ya tatu ilinisumbua kuliko zote. Ardhi ya upande ule wa gati ilikuwa imedidimia miaka mingi, na reli ikainamia ziwa, kidogo tu, jicho la mgeni halioni. Behewa ndilo linaloona. Ukiliacha bila kabari, kile kipande cha mti kinachowekwa chini ya gurudumu, linaondoka polepole kama mtu anayetoroka msikitini kabla hotuba haijaisha, na likishashika kasi hakuna wa kulizuia. Behewa moja la sukari liliwahi kuzama hivyo. Tangu hapo tulikuwa na desturi: anayegusa behewa la njia ya tatu lisilo na kabari anapigwa kofi la mkono, awe kibarua, awe stesheni masta, na hakuna kununa. Basi na mimi nikaiinamisha njia ya tatu, unene wa kucha.

Ilipokwisha nikaanza kuiendesha. Mke wangu nilimfanya stesheni masta. Alikaa upande wa pili wa mlango akichambua maharage, na hakuna treni iliyoondoka bila ruhusa yake.

"Treni ya pamba inaomba njia," nanong'ona.

"Ingoje. Mimi iko na maharage."

"Stesheni masta hapana sema hivyo!"

"Basi tafuta mwingine."

Siku moja alisukuma behewa la njia ya tatu kwa kidole ili apate pa kuweka ungo, na kabla sijajua ninalofanya nilikuwa nimempiga mkono. Akanirudishia kofi la shavu.

"Hiyo desturi ya gati," nikajitetea.

"Na hii desturi ya Mbale," akasema, na kwa siku mbili treni zangu hazikuwa na wa kuzipa ruhusa.

Kisha reli ya kweli ikaanza kuamka. Wafanyakazi wa zamani wakatangaziwa wafike stesheni ya Mbale na karatasi zao. Asiye na karatasi angehojiwa, kwa sababu askari wengi waliojificha walikuwa wakijiita watu wa reli. Waliokutwa waongo walipakiwa kwenye lori. Nilijua wawili waliopakiwa, na hawakuwa waongo. Nisipokwenda, nimejificha, kwa hiyo ni askari. Nikienda, sina karatasi, kwa hiyo ni askari. Nilizunguka chumba kile mpaka mke wangu akasimama mlangoni akiwa ameshajifunga shuka lake.

"Twende," akasema. "Humu ndani utaoza."

Pale stesheni, mezani walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa mkaguzi wa reli, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Wa pili alikuwa afande kutoka Tanzania, kijana nadhifu, mwenye sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele.

"Karatasi zako?" aliuliza afande.

"Hakuna, afande. Ilibebwa pamoja na vitu vya nyumba, kule Jinja."

"Na Kiswahili hicho umejifunzia kambi gani?"

"Mimi nilizaliwa nayo, afande."

Mkaguzi akanisogezea kalamu na karatasi, akaniambia nichore yadi niliyofanyia kazi. Mstari wa kwanza ulipinda, wa pili ukaukata wa kwanza, na afande akatabasamu. Tabasamu lile lilinipandisha hasira, na hasira ndiyo iliyonisemea.

"Mimi najua kujenga, hapana kuchora! Hiyo yadi yote iko nyumbani. Mukitaka, naleta."

Afande akatazama saa yake. Akanipa askari mmoja wa kunifuata na muda wa mpaka adhuhuri.

Tuliubeba mlango mchana kweupe, mke wangu mbele, mimi nyuma, askari na bunduki yake mgongoni mwangu. Watu walitoka madukani kututazama. Mwanamke mmoja aliuliza kwa Kigisu ni nani aliyekufa. Mke wangu akamjibu, "Bado."

Tuliuweka juu ya meza. Sinia nalo nililijaza maji bombani, kwa sababu hata kama nilikuwa napelekwa kufa, sikuwa tayari kuonyesha gati lisilo na ziwa. Mkaguzi aliizunguka kazi yangu. Aliinama, akahesabu njia, akagusa paa la ghala.

"Kazi nzuri," alisema afande. "Lakini askari naye ana mikono. Kitu kama hiki anaweza kukitengeneza mtu yeyote aliyewahi kupita pale." Na huku akisema hivyo, akachomoa kabari ya njia ya tatu, akaanza kulichezea behewa kwa kidole.

Nilimpiga mkono.

Lilikuwa kofi zuri, la gatini hasa. Askari wa mlangoni akainua bunduki, na mke wangu akamwita Mola wake. Behewa, sasa halina wa kulishika, likateremka polepole, likaingia kwenye sinia, likazama. Nakiri kwamba sikuitazama bunduki. Nililitazama behewa, na nilimkasirikia yule kijana kwa moyo wangu wote.

Kisha nikamsikia mkaguzi. Alikuwa anacheka, miwani imemteleza.

"Afande, niwie radhi. Hata mimi nilipigwa hivyo hivyo, pale pale. Nilikwenda Jinja kukagua, nikagusa behewa la njia ya tatu, kibarua mmoja akanitandika mkono mbele ya watu. Nikataka afukuzwe. Wakanipeleka kunionyesha lilipozama behewa la sukari." Akafuta machozi. "Kwenye ramani zetu njia ile ni tambarare. Huyu ameijenga inavyoshuka. Huyu ni mtu wa gati."

Afande alikuwa bado anautazama mkono wake.

"Uliiona bunduki mlangoni?"

"Niliona, afande."

"Na bado ukanipiga."

"Behewa ilikuwa haina kabari, afande."

Afande akatia vidole majini, akalitoa behewa, akalikung'uta, akalirudisha kwenye njia ya tatu. Akatafuta kabari, akaipachika chini ya gurudumu.

"Mwandike," akamwambia mkaguzi.

Nje, niliketi kwenye ngazi za stesheni nikalia kama mtoto, na mke wangu, badala ya kunibembeleza, akaanza kucheka. "Umepiga afande," akasema. "Wewe! Umepiga afande!" Nikacheka na mimi, kamasi na yote, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakadhani tumepata wazimu. Alhamdulillahi, nilisema, na nikasema tena. Jua lilikuwa usoni mwangu, na nilikuwa nimelisahau jinsi lilivyo.

Jirani yetu wa Walukuba, fundi cherehani, mjukuu wa askari kama nilivyo mimi, alichukuliwa miezi ile ile na hakurudi. Alikuwa anakata kanzu kwa macho tu, bila kupima, na ikakukaa. Hakuna aliyemwekea kitambaa mezani ili aonyeshe yeye ni nani. Nikimkumbuka, furaha yangu inasimama hapo kwanza, halafu inaendelea.

Wiki iliyofuata nilirudi Jinja kwa treni ya mizigo. Yadi ilikuwa imeota majani hadi magotini, ghala halina paa, lakini injini moja ilikuwa inapumua na mabehewa manne yalikuwa yanangoja kupangwa. Nikaingia katikati ya reli, nikainua bendera, nikapaza sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu tukimbie: "Rudisha! Rudisha kidogo! Kidogo tena! Simama!" Wafanyakazi walikuwa kumi na zaidi pale, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama ni nani anasema Kiswahili. Dereva akasimama pale pale nilipomwambia.