Mwanga Ndani ya Sanduku Linaloanguka

Waasi walipoingia Uvira, shule yetu ya Rugenge ilibaki na mwalimu mmoja tu, nami ndiye. Wabelgiji walikuwa wameondoka baada ya uhuru. Wenzangu walipanda mitumbwi bandarini Kalundu wakavuka ziwa kwenda Burundi, na mume wangu pamoja nao. Alisema angerudi kunichukua. Mimi kila asubuhi nilifungua darasa, nikafuta ubao ambao hakuna aliyeandika juu yake, nikakaa. Siku nyingine sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Mchana mmoja mpiganaji akaingia. Nilimtambua: alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, kabla hajawafuata waasi milimani. Akaegemeza bunduki ukutani, akakaa kwenye dawati la mbele.

"Madamu, ile somo ya mwanga hatukuimaliza."

Nilidhani ananitania, lakini alikuwa akingoja. Basi nikachora sanduku kubwa, na ndani yake mtu mwenye tochi.

"Sanduku limekatika kamba, linaanguka," nikamwambia. "Mtu anaanguka nalo. Akiiachilia tochi, itabaki palepale mbele yake, kwa sababu vyote vinaanguka pamoja. Hasikii uzito wowote. Akiiwasha, mwanga unakwenda moja kwa moja, unagonga ukuta wa pili kwa kimo kilekile."

"Na siye tuko inje, tunaangalia?"

"Tunaona kwamba mwanga ulipokuwa unavuka, sanduku lilishuka kidogo. Hata hivyo umegonga palepale ukutani."

Akapitisha kidole hewani polepole.

"Basi na mwanga umeshuka. Njia yake imepinda."

"Ndiyo. Dunia inauvuta hata mwanga. Ila ni kidogo mno, jicho haliwezi kuona."

"Na ule muntu wa ndani, iko anasema uongo?"

"Hapana. Kwake umenyooka kweli."

Alitabasamu. Tangu mume wangu aondoke, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jambo akasubiri jibu. Nilitamani aulize tena.

Lakini aliinuka, akachukua bunduki. "Madamu, uvuke. Askari wa serikali wako njiani."

"Na weye?"

"Minye niko na wenzangu."

Sikuvuka. Nilikuwa bado namngoja mume wangu, ambaye baadaye nilisikia ameoa hukohuko Bujumbura. Askari walifika, waasi wakarudi milimani, na yule mwanafunzi sikumwona tena.

Vita vilipotulia, dada yake mkubwa alikuja kutoka mtaa wa Kimanga, ameambiwa kwamba mdogo wake alionekana shuleni. Nikamweleza habari za sanduku na tochi, na jinsi alivyopata jibu mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Alikuwa amekonda?" akauliza.

"Kidogo."

"Alikula?"

"Nilimpa bugali na ndagala wa ziwani. Alimaliza yote." Kweli sikuwa nimempa chochote ila somo.

Akashukuru, akakaa nami hadi jua likashuka. Alipokwenda, nikafunga darasa.