Mashahidi Wake Kuta Nne

Tangu lini mwanamke wa kasri la kifalme la Korea akacheka kama mtu wa Chumbageni, Tanga? Biubwa alikuwa ameinama kwenye meza yake ya vipodozi, mlangoni mwa saluni ya Célestine, katikati ya mji wa Johannesburg, akimpaka mteja krimu ya ute wa konokono mkononi. Akasikia kicheko chake mwenyewe kikitoka kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya vioo. Akainua uso. Aliyecheka alikuwa bi mdogo wa mfalme, kavaa gauni la hariri lililofura kuanzia kifuani, uso mweupe hauna hata chunusi.

"Mja hatupwi na Mungu," bi mdogo alisema kwa Kiswahili safi. "Hutupwa na jirani."

Saluni nzima ikamgeukia Biubwa, maana msemo huo ulikuwa wake. Aliusema kila mteja alipoondoka bila kununua. Biubwa akacheka, na wenzake wakacheka naye. Kutaniwa na Bakiri, mtia sauti wa tamthilia hizo, lilikuwa jambo la kawaida. Mwiba wenyewe ulikuwa bado.

Bakiri naye alitoka Tanga, na kwa Waswahili wa mji ule yeye ndiye aliyekuwa Korea. Kikorea chenyewe hakukijua hata cha kuombea maji. Alishusha tamthilia mpya kutoka mtandaoni, akasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, kisha akajifungia chumbani kwake ghorofani, blanketi katundika ukutani kuua mwangwi, akawasemea wote: mfalme, malkia, mtoto mchanga, na farasi akipenda. Alirekodi mchana wa siku za kazi, jengo likiwa tupu, kwa sababu Jumapili kanisa la Wakongo la ghorofa ya juu lilitikisa mpaka vikombe. Alipochoka kusoma, alitunga. Flashi zake zilifika Soweto na Diepsloot kwa vijana wa spaza, wale wanaoshinda nyuma ya nondo wakiuza mkate na sigara, na vijana hao hawakumjua Mkorea mwingine isipokuwa yule mwenye sauti ya Bakiri.

Hasa walichokifuata ni vijembe. Bakiri kakulia kwenye taarabu ya mipasho, na alichokiona kwenye harusi za kwao alikitia kwenye kasri la watu. Mtu akimuudhi wiki hii, wiki ijayo atajisikia mle ndani. Hénock, fundi cherehani, aliwahi kumharibia suruali. Akageuzwa mpishi aliyemlisha mfalme panya, na mpaka leo wapita njia humuuliza leo kuna mchuzi gani. Na watu hao hao wanaoshika mbavu wangekuapia kwamba Bakiri hasemi uongo. Anafumba tu, husema, lakini haongopi. Watu wakishacheka, akili huiweka kando.

"Wakorea hawa vita viliwaacha na majivu," Bakiri alipenda kusema, akisimama katikati ya saluni na flashi zake shingoni. "Wakauza nywele za dada zao zikawa mawigi. Wakauza magari, wakauza simu. Leo wanauza machozi, na sisi tunayanunua na kuyalia. Mimi ni mchuuzi wa machozi tu."

Biubwa naye alikuwa mchuuzi wao. Sabuni ya mchele, barakoa za uso za karatasi, krimu za konokono: wanawake waliomwona bi mdogo kwenye televisheni walishusha macho mpaka kwenye meza yake, wakauliza ngozi ile inapatikanaje. Kwa ngozi hiyo ya Kikorea alimlea bintiye Saida mpaka akamaliza chuo.

Baba wa Saida alikuwa Ameir, mwenye duka Soweto. Ndoa yao ilifungwa hapa hapa Johannesburg, kwenye chumba cha juu ya duka la jumla, pilau ikipikwa ndani ya ndoo kwa kukosa sufuria kubwa. Mashahidi walikuwa wawili, rafiki wa Ameir aliyeitwa Shehe, na Bakiri. Mwaka haukuisha, wakaja watu wanaofukuza wageni. Ameir aliuawa mlangoni pa duka, duka likateketea na karatasi zote zilizokuwemo, na Biubwa akabaki na mimba ambayo hata majirani hawajaiona. Aliyewaozesha alirudi Unguja, akafa. Shehe aliugua, akazikwa Durban. Kwa hiyo katika dunia nzima alibaki mtu mmoja aliyeisikia ndoa ile kwa masikio yake, naye ni Bakiri.

Sasa Bakiri alimtaka Biubwa, na alimtaka kwa miaka. Mara ya mwisho alimposa mbele ya saluni nzima, kavaa kanzu mpya, kaja na chupa ya marashi. Na Biubwa naye mdomo wake hauna mlango.

"Bakiri, mimi nilizoea mwanamume mwenye sauti yake," alimwambia. "Wewe mpaka Mkorea afungue mdomo ndipo useme?"

Wanawake walicheka mpaka Célestine akamwunguza mteja sikio kwa pasi ya nywele. Bakiri naye alicheka. Aliacha marashi mezani, akaondoka taratibu, na anayemjua angekuwa ameshaogopa.

Baada ya hapo Saida akaposwa. Mchumba alikuwa Abdulrahman, mtoto wa Bi Zabibu, Mzanzibari mwenye duka kubwa la mawigi karibu na stendi ya teksi. Kijana mwenye adabu, duka la familia, siku ya harusi imeshatajwa. Biubwa alikuwa akitembea mjini kama anayesikia ngoma. Maisha yake yote aliyafunga kwenye ile harusi: kwamba mtoto wa mjane wa mlangoni pa saluni ataingia nyumba ya watu wenye jina, na hakuna atakayeuliza tena aliingia duniani vipi.

Ndipo ikaja sehemu ya theluji. Bi mdogo wa mfalme kapiga magoti uani, mtoto kamkumbatia, mbele ya malkia mkubwa. Bakiri aliiliza sauti yake mpaka ikakwaruza.

"Mwanangu ana baba! Ila ndoa yangu ilifungwa chumba cha juu, na mashahidi wangu ni kuta nne. Waulizeni kuta!"

Hakucheka mtu. Célestine, mwenyeji wa Bukavu ambaye kwa kawaida hakosi neno, alizima mashine ya kukaushia nywele.

"Mama Saida," alisema polepole, "ule mwanamuke, banasema ni weye."

Kabla ya wiki kwisha, "waulizeni kuta" lilikuwa neno la mjini. Vijana wa Diepsloot waliliandika kwenye kadibodi juu ya friji la soda. Wateja walikuja kwenye meza ya Biubwa, wakashika krimu, wakamwangalia usoni, wakairudisha. Kisha Bi Zabibu akatuma ujumbe kwamba harusi isimame kwanza.

Saida alizaliwa hapa. Kiswahili alikisikia chote, akakijibu kwa Kiingereza, na Kikorea cha salamu alikitamka vizuri kuliko Kiswahili cha bibi yake. Alichukua simu yake akaenda mwenyewe kwa mama mkwe mtarajiwa, akamwonyesha tamthilia ile ile kabla haijapita kwa Bakiri.

"Angalia, Mama. Hapa yeye anasema baridi imekuja mapema, ingizeni mtoto ndani. Basi. Hakuna ndoa, hakuna kuta. Eish, Mama, ni uongo yote."

Bi Zabibu aliangalia kwa upole mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke asiyepandisha sauti, kila jambo lake hulitanguliza na chai.

"Kunywa chai, mwanangu," alisema. "Kikorea mimi sikijui, wala sina haja nacho. Watu ndio ninaowajua. Bakiri atoe maneno hayo hewani? Mama yako ana shahidi? Mlete nimwone, harusi kesho."

Saida alirudi na neno hilo, akalitua mbele ya mama yake. Biubwa hakulala. Asubuhi alijifunga kanga mbili akapanda ngazi za jengo la Bakiri, lifti yake ilikufa zamani, akabisha. Bakiri alifungua kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Karibu, mke wa Ameir," alisema.

Biubwa aliingia bila kuvua viatu. "Kumbe unajua."

"Nitaachaje kujua? Pilau nilikula. Ilikuwa na ladha ya ndoo."

"Basi kaseme. Mtoto hana kosa, Bakiri. Nitukane mimi, nifanye mpishi wa panya, nifanye hata huyo panya. Mtoto mwache."

Bakiri alikaa kitandani, karibu na kipaza sauti chake kilichovikwa soksi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililotisha.

"Nitakwenda kwa Bi Zabibu, nitashika mas'hafu, nitaapa. Na sehemu ya mwisho nitaigeuza. Bi mdogo atatoka na ndoa yake mchana kweupe, mashahidi juu ya farasi. Sauti ninayo, si ulisema sina? Lakini nataka niisikie ndani ya nyumba yako."

"Apa kwanza."

"Nikahi kwanza. Ukishapata kiapo changu utaniona wapi tena?"

Alimchukia mpaka meno yakamuuma. Lakini alipiga hesabu ya mama, ile isiyomhesabu mama mwenyewe, akaona mwili wake ni mali ndogo mbele ya nyumba ya mwanawe. Akakubali. Hakumuuliza Célestine, hakumuuliza Saida. Wiki ile ile walioana, safari hii msikitini, baada ya sala ya Ijumaa, watu wamejaa mpaka kwenye viatu. Mashahidi wangeweza kugawiwa kwa wenye shida.

Bakiri alitimiza ahadi, tumpe haki yake. Alikwenda kwa Bi Zabibu na mke wake mpya ubavuni, akatia udhu, akashika mas'hafu, akaapa kwamba aliisikia ndoa ya Ameir na Biubwa kwa masikio yake, na pilau yake aliila. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. Bi Zabibu alimimina chai.

"Bakiri, mwanangu," alisema, "ulipokuwa mtu baki ulisema ndoa haikuwepo. Leo ni mumewe, unasema ilikuwepo. Nimsadiki Bakiri yupi?"

"Yule hakuwa mimi, Bi Zabibu! Ile ni filamu. Ni Mkorea!"

"Alaa. Kumbe pilau alikula Mkorea." Alisukuma kikombe mbele ya Biubwa. "Mume akimsemea mkewe, huo si ushahidi, mwanangu. Ni mapenzi. Shahidi mwingine unaye?"

Biubwa alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hapo ndipo akili ilipomrudi, imechelewa kama mvua baada ya mahindi kukauka. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani. Angeweza kumburuta hapa akiwa mtu baki, angeweza kumlilia mbele ya shekhe, mbele ya wazee wa Tanga, angeweza hata kumkalia mlangoni mpaka aone haya. Badala yake alikwenda kumwoza nafsi yake, na kwa mikono yake mwenyewe akamwua shahidi.

Sehemu ya mwisho ilitoka. Bi mdogo alitangazwa mke halali, Bakiri akawasemea mashahidi kwa sauti nzito nzuri ambazo hajawahi kuzitoa. Soweto walicheka mpaka wakaacha kuuza. "Kapewa mke, kageuza filamu," walisema, na sasa hata aliyekuwa na shaka akawa hana: kama si kweli, mwanamke angejiuza kwa nini? Abdulrahman alimpigia Saida simu, akalia, akasema mama amesema. Baada ya hapo hakupiga tena.

Saida alifunga begi mchana, mama yake akimtazama.

"Mama, alibaki mtu mmoja," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani alijitahidi Kiswahili chote kiwe sawa. "Mmoja tu. Wewe ukamchukua."

Sasa anafanya kazi kwenye duka la vipodozi vya Kikorea, ndani ya jengo la biashara la kaskazini, kwenye taa nyeupe na wauzaji waliovaa glavu. Anauza ute wa konokono ule ule, ndani ya kichupa kizuri zaidi. Wanawake wa saluni walipomfuata huko kumsalimu, aliwajibu kwa Kiingereza, akawauliza kama angeweza kuwasaidia. Biubwa alikwenda mara moja, akasimama nje ya kioo, akarudi.

Meza yake ya mlangoni imekufa. Bakiri si mume mbaya, hilo nalo ni adhabu. Anamletea chai, anamfukizia udi, anamwita mke wa Ameir anapotaka kumchekesha. Sauti yake inaanza kupasuka, na tamthilia mpya imeshuka kutoka Korea, ya mama mkwe tajiri asiyepandisha sauti na binti yake anayekaribia kuolewa.

"Wanawake wasemee wewe," Bakiri alimwambia mchana mmoja, akimvutia kiti chini ya blanketi. "Una mdomo kunishinda. Wa Diepsloot wameshaomba."

Biubwa alitazama picha. Mama wa Kikorea alikuwa anamimina chai, polepole, kidole kimenyanyuka. Bi Zabibu naye ana binti, anaitwa Najma, msichana mnyamavu aliyeposwa mwezi uliopita. Kila Idi alikuwa akija saluni kumbusu Biubwa mkono, na hata baada ya yale yote alikuja. Hakuwahi kumkosea kwa neno.

Biubwa alikivuta kipaza sauti mpaka soksi ikamgusa mdomo.

"Kunyweni chai, wanangu," alisema, kwa sauti ile ile ya upole, na Bakiri akafumba macho kwa raha. "Huyu binti yangu ni mnyamavu sana. Mchumba wake ajiulize tu ananyamazia nini."